Maswali ya Wasomaji kwa Daktari: Homa imekwisha, mbona mtoto bado amechoka?

SWALI: Daktari, assalamu alaykum. Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka 10, tunaishi Makorora, Tanga. Mwanangu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sistiki faibrosisi alipokuwa mdogo, baada ya kutibiwa kifua mara nyingi bila nafuu, na hata kuanzishiwa dawa za kifua kikuu. Mwezi uliopita alilazwa kwa homa ya mapafu, akachomwa sindano za antibiotiki kwa wiki mbili, kisha tukaruhusiwa. Namshukuru Mungu homa haipo na kikohozi kimepungua, lakini mtoto hana nguvu. Akirudi shule anajitupa kitandani na sare zake, kwenda chuo cha Kurani alasiri imekuwa ugomvi, na baiskeli yake imeegemea ukuta tu. Mwalimu wake anasema amekuwa mvivu. Bibi yake, ambaye tunaishi naye na tunapika chumvi kidogo kwa ajili ya presha yake, anasema nimemdekeza. Baba yake anataka akae nyumbani mpaka apone kabisa. Chakula anakula, ingawa mafuta nimeyapunguza kwa sababu choo chake kilikuwa kinaelea na kunuka sana, na kwa joto hili la kaskazi namnywesha madafu kila siku. Je, uchovu huu ni wa kawaida? Nimsukume au nimwache?

Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Waalaykumu salaam, mama, na pole kwa kuuguza. Uchovu wa mwanao ni wa kweli, wala si uvivu au deko, na kwa mtoto mwenye ugonjwa huu ni jambo linalotarajiwa kwa wiki kadhaa baada ya homa ya mapafu kuondoka. Ninachoangalia mimi ni mwelekeo wake. Uchovu unaopungua juma hadi juma, hata kama ni kwa kidogo, tunaungoja. Uliosimama palepale au unaozidi tunautafutia sababu. Hata hivyo, barua yako imetaja kwa kupita tu mambo matatu ambayo nisingependa yangoje hata wiki moja: chungu kisicho na chumvi, mafuta yaliyopunguzwa na madafu.

Kwa wasomaji wasioujua ugonjwa huu, sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa kurithi, unaotokana na hitilafu katika jeni iitwayo CFTR, ambayo wanasayansi waliibaini mwaka 1989. Mtoto huugua pale tu anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, na wazazi hao mara nyingi ni wazima kabisa. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba huwa na uwezekano wa mara moja kati ya nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hitilafu hiyo huvuruga upitaji wa chumvi na maji katika kuta za chembe za mwili, kwa hiyo ute wa mapafu huwa mzito na kukwama humo ukifuga bakteria, mirija ya kongosho huziba na vimeng'enya vya kuyeyusha chakula havifiki tumboni, na jasho hutoka na chumvi nyingi kupita kiasi. Wako wanaoamini kwamba ni ugonjwa wa watu weupe peke yao, na imani hiyo imewachelewesha watoto wengi wa Kiafrika, kwa kuwa kikohozi cha muda mrefu cha mtoto aliyekonda huku kwetu hufikiriwa kwanza kuwa ni kifua kikuu.

Nguvu za mtoto huyu hupotea kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Mapafu yenye ute mzito humlazimisha kuvuta pumzi kwa kazi kubwa kuliko mwenzake, usiku na mchana, hata akiwa amelala. Kupambana na bakteria nako hula nguvu, na mwili unaopambana hivyo humega misuli yake wenyewe, hasa mgonjwa anapolala kitandani siku nyingi bila hamu ya kula. Ongeza kikohozi cha usiku kinachomkatiza usingizi bila yeye kukumbuka asubuhi, kisha ongeza ratiba yake: kusafisha kifua ili makohozi yatoke alfajiri, shule, chuo, kusafisha kifua tena jioni. Mtu mzima angelalamika. Ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa huu huhitaji chakula chenye nguvu kuliko wenzake wa umri wake, wakati mwingine hadi karibu mara mbili ya mahitaji yao, na mahitaji hayo huwa makubwa zaidi katika majuma ya kurudishia mwili.

Nianze na chumvi, kwa sababu katika mji wa joto na unyevu kama Tanga, hasa kati ya Desemba na Machi, hiyo ndiyo sababu ya uchovu inayosahauliwa kwa urahisi kuliko zote. Mwaka 1948 joto kali liliupata mji wa New York, na madaktari wakaona kwamba idadi kubwa isiyo ya kawaida ya watoto walioletwa wakiwa wameishiwa nguvu kwa joto walikuwa na ugonjwa huu. Daktari Paul di Sant'Agnese na wenzake wakafuatilia jambo hilo, na mwaka 1953 wakaonyesha kwamba jasho la watoto hao lina chumvi nyingi mno; kipimo cha jasho kinachotumika mpaka leo kuutambua ugonjwa kilizaliwa hapo. Mtoto anayepoteza chumvi kwa jasho hulegea, huumwa kichwa, hukakamaa misuli ya miguu, husikia kichefuchefu na kukataa chakula, na kwa macho ya mtu wa nje huonekana mvivu tu. Tazama fulana yake ikikauka baada ya kucheza: mistari meupe ya chumvi itakuonyesha anachopoteza.

Sasa mtoto huyo anakula kutoka chungu cha bibi mwenye presha. Bibi ashike shuruti zake, kwani kwake chumvi ni adui kweli, lakini mjukuu atengewe mchuzi wake na kutiwa chumvi baada ya kupakuliwa, apewe karanga au korosho za chumvi, dagaa na mayai yaliyochovywa chumvi. Madafu ni kinywaji kizuri, na sitaki mtu wa Tanga aache madafu kwa ajili yangu, ila maji yake yana madini ya potasiamu kwa wingi na sodiamu kidogo, na sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi ya kawaida, ndiyo anayoipoteza mtoto huyu. Akinywa madafu au maji matupu kwa wingi huku akitoka jasho, kiu inakatika lakini chumvi ya damu inazidi kushuka. Siku za joto kali na siku za michezo, mpe maji ya ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, yaliyochanganywa kama paketi inavyoelekeza. Ikikosekana, tengeneza kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa vya kusawazishwa, visijae kilima. Kiasi cha chumvi ya kila siku mpangiwe na daktari anayemfuatilia kwa kuangalia uzito wake, na ikiwezekana apimwe chumvi za damu.

Kuhusu mafuta, umefanya kile ambacho mzazi yeyote mwenye akili angefanya, lakini kwa ugonjwa huu mambo ni kinyume. Choo kinachoelea, chenye utelezi na harufu kali, kinaonyesha kwamba mafuta yanapita bila kuyeyushwa, na dawa yake ni kurekebisha vimeng'enya, si kupunguza tui la nazi. Mtoto mwenye sistiki faibrosisi anahitaji mafuta: tui zito, samaki wa kukaanga, parachichi, karanga, na maziwa, ambayo Tanga imejaaliwa. Kama ameandikiwa vidonge vya vimeng'enya, avimeze anapoanza kula kila chakula na kila kitafunwa chenye mafuta, asivitafune wala msivisage, na msivitie kwenye uji wa moto. Vikae mbali na jua na joto, kwa maana kabati la bati lililo jikoni linatosha kuviharibu. Choo kikibaki vilevile, rudi kwa daktari akadirie upya kipimo, usiongeze mwenyewe. Vitamini A, D, E na K nazo husafiri pamoja na mafuta, kwa hiyo mafuta yakipotea chooni nazo hupotea. Mpime uzito kila juma, kwa mizani ileile, uandike.

Katika mabishano yenu ya kumsukuma au kumwacha, naona wewe na baba yake kila mmoja ameshika nusu. Kumweka nyumbani mpaka apone kabisa kutamdhoofisha, kwa sababu misuli isiyotumika huisha na makohozi ya mtoto aliyelala hutuama. Kumrudisha katika kila kitu kwa siku moja nako kutamrudisha kitandani. Mimi ningeanza na shule, hata kama ni nusu siku kwa juma la kwanza, na chuo kingoje kidogo. Mwalimu wa chuo akielezwa vizuri hatakataa, na sura alizohifadhi hazitapotea kwa mapumziko mafupi. Akirudi nyumbani alale, lakini aamshwe kabla ya alasiri kuingia ili usingizi wa usiku usiharibike. Baiskeli iteremshwe ukutani: dakika chache asubuhi kabla ya jua kuwa kali, au jioni jua likipoa, zikiongezwa taratibu kila baada ya siku kadhaa. Ahemewe na kutoa makohozi, hilo ni jambo jema. Ila baada ya mapumziko mafupi pumzi irudi kuwa ya kawaida, na kesho yake asiwe hoi kuliko jana. Kuogelea kule Raskazone asubuhi pia kunafaa, mradi kuwe na mtu mzima na chupa ya ORS. Kusafisha kifua kusiachwe hata siku moja kwa kisingizio cha uchovu, kwani uchovu wenyewe mara nyingi unatokana na makohozi yaliyobaki. Kufanyike kabla ya chakula ili asitapike.

Muulize pia yeye mwenyewe, mkiwa wawili tu, kama amechoka mwili au amechoka kuumwa. Mtoto wa miaka 10 anajua tofauti hiyo, na huzuni ya ugonjwa mrefu huvaa sura ya uchovu.

Kama baada ya kurekebisha chumvi, mafuta na ratiba hakuna badiliko katika majuma mawili, mrudishe kliniki, na Tanga mnayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Omba apimwe wingi wa damu, kwa sababu malaria na minyoo ya safura havimwachi mtoto kwa kuwa tayari ana ugonjwa mwingine. Omba makohozi yapelekwe maabara kuona kama bakteria wamerudi au wamebadilika. Yuko mmoja aitwaye Pseudomonas anayehitaji dawa zake maalumu. Omba sukari ipimwe pia, kwa sababu kongosho lililoathirika huzaa kisukari polepole, na inashauriwa watoto wenye ugonjwa huu wapimwe kila mwaka kuanzia umri wa miaka 10, ambao mwanao ameshaufikia. Oksijeni ipimwe kwa kile kifaa kinachobanwa kidoleni.

Usingoje majuma mawili, bali nenda siku hiyohiyo, ukiona anapumua haraka akiwa ametulia, mbavu zinabonyea, midomo inabadilika rangi, homa imerudi, ametema damu, tumbo limefura na choo kimefunga, au anatapika huku amelegea na maneno hayaeleweki siku ya joto. Hiyo ya mwisho huenda ni chumvi iliyoporomoka, na hairekebishwi nyumbani.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Nina mwanafunzi mwenye ugonjwa wa sistiki faibrosisi ambaye amerejea baada ya kulazwa. Anasinzia darasani na anakohoa sana, na baadhi ya wazazi wanaogopa kwamba ana kifua kikuu. Nimsamehe michezo? Nimweke peke yake?

JIBU: Mwalimu, usimtenge. Ugonjwa huu haumwambukizi mwanafunzi mwingine, kwa kuwa mtu huzaliwa nao. Wanaopaswa kukaa mbali wao kwa wao ni watoto wawili wenye ugonjwa huuhuu, ambao wanaweza kupeana bakteria wa hatari. Ni kweli kwamba naye anaweza kupata kifua kikuu kama mtu mwingine yeyote, na hilo huamuliwa kwa vipimo, si kwa kusikiliza kikohozi chake kutoka dawati la nyuma. Aruhusiwe kukohoa na kutema katika karatasi bila kuchekwa, kwenda chooni bila kuomba mara mbili, kuwa na chupa yake ya maji, na kumeza vimeng'enya vyake anapokula.

Michezo asisamehewe yote. Acheze, na aachwe ajipumzishe mwenyewe kivulini anapohisi kuzidiwa, bila kuitwa mbele kueleza. Jua la saa sita ndilo la kumwepusha. Kuna msaada mmoja ambao wewe pekee unaweza kuutoa, kwa kuwa unamwona saa nyingi kuliko daktari: andika anasinzia saa ngapi. Anayesinzia tangu asubuhi huenda hakulala kwa kikohozi au oksijeni yake hushuka usiku. Anayelegea baada ya mapumziko ya kucheza juani atazamwe chumvi. Anayechoka muda mfupi baada ya kula huku akienda kukojoa mara kwa mara apimwe sukari. Mpe mzazi wake karatasi hiyo aende nayo kliniki.