Ukialikwa Marangu wikendi, omba panga

Watu wa mjini wakisikia naenda Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Jumamosi huniuliza swali lile lile: huko kuna nini cha kufanya siku mbili nzima? Wengine huwa wameshajijibu. Maporomoko ya maji, picha mlima ukiwa nyuma, mbege kidogo, ile pombe ya ndizi, basi. Si vibaya, ila hayo matatu ukiyakimbilia yanaisha kabla ya chakula cha mchana, na jioni utajikuta kwenye kochi la watu unatafuta mtandao. Mimi si Mchagga, nimeolewa huko, na ushauri wangu kwa anayealikwa na rafiki au mfanyakazi mwenzake ni huu: ratiba yako iache mjini. Nyumba unayofikia ina ratiba yake ya Jumamosi na Jumapili. Ingia humo.

Kwanza wakati. Desemba iache. Krismasi ikikaribia Wachagga waliotawanyika nchi nzima wanarudi nyumbani, usafiri unakuwa wa kugombania, na kila boma linachinja. Ni raha kwa mwenye kwao. Mgeni wa siku mbili anakuwa mtu wa ziada kwenye nyumba ambayo watoto tayari wanalala chini. Machi hadi Mei ni masika, na njia za ndani zikiloa hata bodaboda anakuomba uteremke. Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu, mlima unaweza kujificha wikendi nzima, lakini mimi naupenda wakati huo kwa sababu Julai kahawa huwa imeanza kuiva. Anayetaka kuiona Kibo, kilele kirefu cha mlima, bila wingu aende Januari au Februari, na aamke mapema.

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Moshi stendi unapanda Hiace ya Marangu, inapita Himo, na hapo barabara inagawanyika: moja inakwenda Holili mpakani, nyingine inapanda mlimani. Unashuka Marangu Mtoni. Kuanzia hapo ni bodaboda au miguu, na kinachokufikisha ni jina la ukoo, maana vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vimekaa kiukoo. Ukisema tu unakwenda kwa akina Lyimo utaulizwa Lyimo gani, kwa hiyo jua na jina la babu wa nyumba hiyo.

Zawadi. Usipande na ndizi wala parachichi, utachekwa mpaka kanisani. Beba sukari, mafuta ya kula, sabuni, na mchele. Moshi mjini utapata ule unaolimwa tambarare ya chini, Chekereni na Kahe, na huku juu unapokelewa vizuri kwa sababu mpunga haulimwi. Nyama nunua Himo au Mtoni. Fedha usimpe mwenyeji wako kana kwamba unalipia chumba. Kwa bibi na babu ipo hela ya sukari, inakunjwa kiganjani wakati wa kuaga, bila kutangazwa.

Ukifika, salimia wazee kwanza. Shikamoo inatosha, ingawa ukiongeza "shimbonyi" utaona meno ya watu, na ukipewa kitu sema "aika". Maneno hayo usiyahamishie Rombo au Machame, wenzao wana Kichagga chao. Kisha uliza kuna kazi gani. Utaambiwa hakuna, wewe ni mgeni, kaa upumzike. Uliza tena.

Kazi ya Jumamosi asubuhi karibu kila mara ni ng'ombe. Ng'ombe wa huku hatoki kwenda kuchunga. Yuko bandani, na chakula kinamfuata: majani yaliyokatwa kandokando ya njia, mabua ya mahindi yanayopandishwa kutoka mashamba ya chini, na shina la mgomba lililokatwakatwa. Akina mama ndio wanaobeba mizigo hiyo kichwani, na ukikutana na mmoja njiani mpishe, yeye hawezi kuinamisha shingo akuone. Kazi anayoiweza mgeni ni kukatakata mgomba. Omba panga, omba gogo la kukatia, kaa karibu na anayekamua. Mazungumzo yatakayokuja hapo hayaji sebuleni. Mengi ninayoyajua kuhusu ukoo wa mume wangu, nani alirithi wapi na kwa nini fulani na fulani hawasalimiani, niliyasikia nikiwa na panga mkononi na mama mkwe akiwa amenipa mgongo.

Jua likitoka, mwombe babu akutembeze kihamba. Usijitembeze mwenyewe. Kwa macho ya mgeni ni msitu wa migomba tu, lakini kila kitu kimepangwa kwa urefu. Juu kabisa ipo miti kama mruka inayotoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa maharage, magimbi na viazi vikuu. Samadi ya bandani inarudi kwenye migomba, migomba inarudi bandani. Utavuka mfereji mdogo wa maji. Huo ni mfongo, umechimbwa na mababu kutoa maji mtoni kuyapeleka vihambani, na maji yake yana zamu. Usizibe, usigeuze jiwe hata kama limekaa vibaya. Kuna mtu amelipanga, na leo si zamu yako.

Utaona pia masale, mmea wenye majani marefu ya kijani, umepandwa mipakani na makaburini. Usiuchume kwa kuuchezea. Jani la masale ndilo mtu anapelekewa akiombwa msamaha, na linabeba uzito ambao nimeona ukituliza ugomvi wa mashamba. Makaburi yako ndani ya kihamba, jirani na nyumba, mengine yana marumaru na mengine ni mawe tu. Usikalie, na picha usipige kabla ya kuuliza. Babu mwenyewe atakusimulia nani kalala wapi, na hapo utaelewa kwa nini mtu wa huku, hata awe na ghorofa Mbezi, hasemi kwamba Dar ni nyumbani. Mwenyeji wako akiwa kitinda mimba, mtazame vizuri: kwa desturi nyumba ya wazazi huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho, ndiye anayebaki kuwatunza.

Ukienda wakati wa kahawa, omba kuchuma. Zinachumwa zilizoiva tu, nyekundu, moja moja, na wenyeji watakurudisha kwenye mti ukiruka tawi. Jioni zinamenywa kwa mashine ya mkono, zinavundikwa, zinaoshwa, kisha zinaanikwa kwenye vichanja. Kuzungusha mashine ni kazi ya mgeni na watoto. Zao hili ndilo lililojenga shule na nyumba za bati huku. Wakulima walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika ambao wazee bado wanautaja kama mtu wa familia, mara kwa sifa, mara kwa lawama. Bei zilipoporomoka wengi waling'oa. Jambo la kuchekesha ni kwamba katika nyumba nyingi za wakulima wa kahawa utakaribishwa chai. Ukitaka kahawa sema mapema, bibi akukaangie na kuitwanga kwenye kinu. Usisubiri asubuhi ya kuondoka.

Soko usilikose kama siku yake itaangukia wikendi yako. Kila soko la mlimani lina siku zake, uliza kabla hujapanga safari. Ni soko la akina mama, tangu wauzaji hadi wanunuzi, na mwanamume anayezubaa katikati anaambiwa apishe. Ndizi zinapangwa kwa aina: mchare wa mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), nyingine za kuiva, nyingine za pombe. Angalia magadi pia, maana bila magadi hakuna kiburu, yale maharage na ndizi yaliyopondwa pamoja ambayo wageni huyadharau kwa macho halafu wakaongeza sahani. Nenda na wifi au mama wa nyumba, mbebee kikapu, na usimwingilie kwenye bei.

Mbege. Ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa siku kadhaa, zikachanganywa na uji wa ulezi, na gome la msesewa huupa ule uchungu. Mwenye kuigawa hunywa kwanza, ndipo inazunguka, kwa hiyo usishangae akionja kata yako kabla yako. Pokea kwa mikono miwili. Usiyekunywa pombe sema tu, watakuletea maziwa mgando bila kinyongo. Anayekunywa akumbuke kwamba inashibisha kabla ya kulevya, na kwamba njia ya kurudi nyumbani ina mteremko na mfongo.

Jumamosi inaweza pia kuwa na msiba. Usiseme bahati mbaya, wikendi yangu imeharibika. Nyumba nzima itakwenda, nenda nao. Ndiyo sababu namwambia kila mtu abebe nguo moja ya heshima, kitenge au khanga kwa wanawake, suruali ndefu kwa wanaume, pamoja na fedha kidogo ya rambirambi. Kaa walipokaa waliokuleta. Hutahitaji kusema kitu.

Usiku ni baridi kuliko unavyodhani. Sweta, soksi, tochi ya kwenda chooni. Nyama uliyoleta itakuwa imekuwa mtori au machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, na mtalala mapema. Kesho yake amka kabla ya jua na umwombe mtoto wa nyumbani akupeleke mahali pa wazi, uwanja wa shule kwa mfano, kwa sababu ndani ya migomba mlima hauuoni. Kibo, mita 5,895, iko upande mmoja na Mawenzi, kilele cha pili chenye meno, iko mwingine. Mawingu yakishapanda, mara nyingi unasubiri hadi jioni.

Halafu kanisani, na hapa ndipo watu wa mjini hufurahi bila kutarajia. Ibada ya kwanza huwa mapema. Mwishoni wageni husimamishwa wajitambulishe: jina, ulikotoka, umefikia kwa nani, kaa chini. Usihutubie. Baada ya baraka watu wanatoka nje na mnada unaanza. Wasio na fedha wameleta sadaka ya mazao: mkungu wa ndizi, mayai, chupa ya maziwa, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa ananadi, na ulimi wake ungeuza mvua wakati wa masika. Anajua mgeni ni nani, umejitambulisha mwenyewe dakika chache zilizopita. Atakutazama. Bei itapanda kwa heshima yako. Nenda na noti ndogo ndogo, panda mara moja au mbili, kisha mwache mwenye kijiji ashinde. Ukishinda wewe, unaweza kukirudisha kitu kinadiwe tena; wengi hufanya hivyo, na yai moja linaweza kuingiza hela ya trei nzima. Kama wewe si Mkristo, utakaribishwa mnadani hata hivyo.

Mchana wa Jumapili ndio wa maporomoko. Kinukamori iko karibu na Mtoni, kiingilio kinalipwa pale pale, na watakusimulia habari za msichana aliyeruka. Saa moja inatosha. Anayekwambia mpande msituni "kidogo tu" mkatalie kwa upole: msitu wa juu uko ndani ya hifadhi ya taifa, unaingiwa kwa kibali na ada, na askari wa hifadhi hawajali wewe ni mgeni wa nani. Watoto watakufuata njiani. Wape muda, cheza nao mpira, lakini usigawe pipi na sarafu barabarani. Ukiwa na madaftari au kalamu mkabidhi mwenyeji wako, anajua nani ana shida.

Aga kabla ya saa tisa. Hiace za Jumapili jioni zinashuka zimejaa, na kuaga kwenyewe kunachukua muda, kwa kuwa kila nyumba mliyosalimia itataka uage. Utapewa mkungu, parachichi, pengine kuku. Usikatae na usiseme ni mzigo. Njoo na begi tupu ndani ya begi lako. Konda atadai nauli ya mkungu. Patana naye kabla haujapanda garini.