SubVI moja, sensa mbili, jibu 102

SWALI: Kaka habari. Nina miezi mitatu kwenye LabVIEW, ile ya kuprogramu kwa kuchora ikoni na kuziunga kwa waya, dayagramu yangu ilijaa mpaka naskroli kushoto kulia natafuta waya moja tu, nikaambiwa ile sehemu inayotafuta wastani wa vipimo 10 vya mwisho niigeuze subVI, yaani kiprogramu kidogo chenye ikoni yake, niitumie popote. Nikafanya. Sensa ya chumbani ikiwa peke yake inasoma 24 freshi kabisa, nikiwasha na ya oveni ambayo ni 180, zote mbili zinatoa 102! Nimebadili sensa, nimebadili waya, wapi. Nirudi kukopi na kupesti?

JIBU: Usirudi huko ndugu yangu. Na sensa ziache, hazina kosa, we jumlisha 24 na 180 ugawe kwa mbili uone inakuja ngapi.

Iko hivi, kwenye dayagramu unaona ikoni mbili ila nyuma yake subVI ni moja na memori ni moja. Vile vipimo 10 bila shaka unavitunza kwenye shift rejista, kile kisanduku cha lupu (sehemu inayojirudia) kinachobeba thamani kwenda mzunguko unaofuata, na hukuipa thamani ya kuanzia kwa hiyo inabaki na vya zamani, si ndio? Basi lupu ya chumba ikiita inaacha 24 yake mle, ya oveni ikiita inaacha 180, zinakaa tano za huku tano za kule. Tena zinapanga foleni, mmoja akiwa ndani mwingine anasubiri.

Fungua hiyo subVI, nenda VI Properties, Execution, chagua Preallocated clone. Hapo kila ikoni inapata nakala yake na memori yake. Usichague Shared clone kisa majina yanafanana, zile nakala ni za kuazima, sasa hivi umepewa hii baadaye ile, utachanganyikiwa upya.

Ila kuna mtego, na mimi ulinila siku nzima: ukiweka ikoni moja ndani ya For lupu ipitie sensa zote, ikoni moja ni nakala moja, 102 inarudi palepale. Kwa hiyo mi siku hizi napenda subVI isitunze kitu, inapokea arei, yaani orodha, ya vipimo vya zamani, inaongeza kipya, inakurudishia arei pamoja na wastani, kutunza ni kazi ya lupu inayoita.

Utaongeza terminali (sehemu za kuunga waya kwenye ikoni) kidogo, sawa, ila patani ya konekta, yaani mpangilio wa hizo terminali, usiiguse, ile inayokuja nayo ina 12 zinakutosha, ukiibadili utazunguka kila ulipoitumia ukiunga waya upya.