Mdogo wangu, chuoni hujasafiri, umehamia

Jana Adhuhuri nimemuona kijana wa mwaka wa kwanza kaswali rakaa mbili badala ya nne, katoa salamu, kasimama tena kapiga mbili za Alasiri hapohapo, kabeba begi anaondoka. Nikamuuliza akhi vipi, una safari? Akanijibu bila wasiwasi, "mi msafiri kaka, nyumbani mbali." Huyu msafiri chumbani kwake nimeshaingia. Ana pazia, ana pasi, ana kapeti, ana ndoo tatu, na ukutani kabandika ratiba ya semista nzima mpaka wiki ya pepa. Nlitaka kucheka nikashindwa, maana yule ni mimi kabisa miaka ile, sema mi sikuwa na kapeti.

Basi ngoja niwaandikie nyie mlioripoti juzi. Namba nimeweka ili nionekane nimejipanga, msizitegemee sana.

1. Ratiba ikitoka, siku hiyohiyo angalia Ijumaa. Kama semina imekaa juu ya swala badili grupu wiki ya kwanza, nafasi bado zipo, ukija wiki ya tano utaonekana msumbufu. Mhadhiri muandikie ujumbe mfupi, natoka saa fulani, kipindi nitafidia hivi, basi. Kuna mwenzetu aliandika kurasa mbili kuanzia Hijra, hakujibiwa mpaka leo.

2. Hapa kaeni vizuri.

Mimi nilikuja chuo na elimu ya madrasa ya nusunusu, ile ya kukariri bila kuuliza. Nilichobaki nacho kichwani ni kwamba msafiri anapunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, anakusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, Ijumaa si lazima kwake, na akivaa khofu, zile soksi za ngozi, anapangusa juu yake badala ya kuosha miguu kwa siku tatu usiku na mchana wakati mkaazi ana siku moja tu. Nikajipima, kutoka nyumbani mpaka chuo ni zaidi ya zile kilomita 80 na kitu, nikaona nimefuzu. Sikumuuliza mtu. Sheikh alikuwepo, namba yake imebandikwa kwenye ubao mlangoni mwa msikiti wa chuo, na mi nlikuwa nasimama pembeni ya ule ubao kila siku nikichaji simu.

Jamani nilistarehe. Lekcha ya mchana ikiisha nasali zote mbili kwa dakika nane narudi kulala. Ijumaa ya kwanza nilienda kwa aibu tu, ya pili nikakumbuka msafiri hana Ijumaa, ya tatu nikalala. Na ile hadithi ya anayeacha Ijumaa tatu kwa uzembe kwamba anapigwa muhuri moyoni nlikuwa naijua vizuri tu, ila najiambia hiyo ni ya wakaazi. Soksi nene nazo, siku tatu, chumba cha watu wanne. Sitaeleza zaidi.

Ingekuwa ni mimi peke yangu ningesema ni ujinga wa utoto. Tatizo nilikuwa najua kusoma Qur'ani vizuri kidogo, sauti inatoka, kwa hiyo wenzangu wawili wa kozi yetu wakawa wananifuata. Nawaswalisha mbili, natoa salamu, wanatoa na wao, na nikawaeleza hukumu ya msafiri kwa kujiamini kweli, hadi na vidole nahesabu. Wakanikubali. Mtu akikosea kwa kujiamini watu wanamkubali haraka kuliko anayesema ngoja nikaulize.

Aliyenishtua sasa hata si Muislamu. Rumeti wangu, mtu wa kwaya, Jumapili anatoka jua halijachomoza hata kama ana pepa Jumatatu. Wiki ya 12 tumekaa ananiuliza kwa heshima kabisa, "Samahani rafiki yangu, hivi wewe unaondoka lini?" Niondoke niende wapi? "Si kila siku nakusikia unawaambia wenzako we ni msafiri, nauliza maana kuna ndugu yangu anatafuta kitanda."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda kwa sheikh. Aliniuliza swali moja tu, ulipofika hapa ulinuia kukaa muda gani? Nikamwambia mpaka semista iishe. Akanyamaza, akawa anakunja mswala wake taratibu, na huo ukimya bora angenigombeza. Afu akanieleza, kwa madhehebu ya Shafii ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, ya kufika na ya kuondoka hazihesabiwi, basi we ni mkaazi. Kwa Hanafi ni siku 15. Semista haimo kwenye hesabu zote mbili. Najua khilafu ipo, yaani wanachuoni wametofautiana, na wapo maulamaa waliopanua zaidi, msije kunijazia hoja, ila mi sikuwa nafuata mwanachuoni yeyote, nlikuwa nafuata usingizi.

Akaniambia nilipe zile swala nilizopunguza. Nikafungua nyuma ya daftari la takwimu nikapiga hesabu, siku 84 mara swala 3 kwa siku, 252. Nilikaa naitazama ile namba kama deni la mtu mwingine. Mpango aliyonipa ni mwepesi, kila nikiswali Adhuhuri nalipa Adhuhuri moja ya nyuma, Alasiri na Isha hivohivo, na kila moja naweka alama kwenye daftari. Kwenye karatasi ni siku 84, mi ilinichukua karibu miezi mitano maana pepa zilipoingia nikateleza teleza.

Wale wawili niliwafuata siku hiyohiyo. Mmoja alikasirika siku mbili, akaanza kulipa, akamaliza kabla yangu. Wa pili alicheka. Akaniambia "ulinifundisha wewe, lipa wewe," nikadhani utani. Halafu akawa anasema 252 siwezi bora nianze upya nikiwa mtu mzima, akaacha Alasiri, akaacha Isha, mwaka wa tatu nikawa namuona Ijumaa tu, baadaye na Ijumaa simuoni. Sijui angekuwa vipi bila mimi. Labda angeacha tu, watu wanaacha kwa sababu nyingi. Ila mlango aliotokea niliufungua mimi, na kila nikisikia fresha anasema "mi msafiri" namuona yeye.

Msafiri ni siku ile uko njiani unakuja na siku unarudi likizo. Hapo punguza, kusanya, ni ruhusa yako usione aibu. Ukishatandika godoro, nne.

3. Apu ya swala ingia kwenye setingi. Kuna hesabu ya Alfajiri ya jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, kuna ya 15, na Alasiri ya Hanafi inachelewa kuliko ya wengine, ndo maana simu mbili chumba kimoja zinaadhini muda tofauti halafu mnaanza kubishana nani mpotevu. Fuateni msikiti wa karibu, kwisha.

4. Alamu ya Alfajiri weka mtetemo, simu chini ya mto. Ukiweka adhana sauti ya juu, ukaizima, ukalala, umewaamsha wasiohusika na swala hujaswali. Na rumeti wa dini nyingine msalimie, msaidie, usimfanye mradi. Yule wa kwaya hakuwahi kunihubiria hata siku moja, alikuwa anataka tu kitanda cha ndugu yake, na kanisaidia kuliko makala zote nilizosoma.

5. Ramadhani. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo kozi ya miaka minne Ramadhani inarudi nyuma karibu siku 44. Mwaka wa kwanza ikikukuta likizo usifurahi sana, piga hesabu utajikuta unafunga na pepa ya saa tatu. Idd nayo, barua ya kuomba kuhamishiwa mtihani peleka mapema na taja tarehe mbili, maana mwezi ni siku 29 au 30 na ofisi haiangalii mwezi angani. Ulisafiri kweli katikati ya Ramadhani ukafungua? Andika ni siku ngapi, siku hiyohiyo, usitegemee kichwa. Madeni ya kichwani yanapungua yenyewe, ya kwenye daftari hayapungui.

6. Jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu ingia, darsa hudhuria, kuna watu utawakuta pale watakuwa ndugu zako. Uongozi subiri mwaka wa pili. Nimeona amiri, kiongozi wa jumuiya, mwenye sapu nne, mitihani ya kurudia, anaratibu semina ya umuhimu wa elimu.

7. Ukiwa hujui, uliza. Namba iko kwenye ubao, pale unapochajia simu.

Huyu wa jana nimemshika mkono mpaka kwa sheikh, mi sikufungua mdomo, nimeshajifunza. Kaulizwa lile lile swali, kajibu lile lile jibu. Kutoka nje anapiga hesabu kwa vidole, yuko wiki ya 3, siku 21, swala 63, kakunja sura kama kapewa sapu. Nikamwambia we una bahati hujui tu. Baada ya Isha apite chumbani nimpe lile daftari la takwimu, kurasa za nyuma bado zina nafasi.