Wapweke wawili kwenye riwaya: upweke peke yake hauwavuti

Ndugu, umeuliza kwa nini waliosoma mswada wako hawaamini kwamba mlinzi wa usiku kutoka Arua na mama Mkongo anayechuuza vitenge Mbarara wangeweza kupendana, na wote wawili hawana mtu. Mimi nimeishi Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, miaka mingi, na nilichokiona kule ni kwamba mpweke humkwepa mpweke mwenzake. Kinachowasogeza ni haja ndogo.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu 1958. Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda wanapishana njia moja. Pale Base Camp, sehemu mojawapo ya Nakivale, fundi cherehani Mkongo alishonea barazani kwa mama mmoja Msomali mwenye duka. Kiswahili walichoelewana kilikuwa cha sokoni tu: bei, uzi, bado, kesho. Ya moyoni hawakuwa na maneno ya kuyasema. Mama akawa anamwekea kikombe cha chai ya iliki kando ya cherehani, kimya. Pazia la duka likafumuka pindo, na kesho yake likakutwa limeshonwa kwa uzi wa rangi ileile, pesa haikutajwa. Fundi alipougua, mama aliuliza kila aliyetoka upande wa Wakongo vifungo vinauzwaje. Vifungo hakuwa na kazi navyo.

Andika hivyo. Kwako, ukurasa wa kumi tu wameshasimuliana vita, misiba na ndoa zilizovunjika. Hayo yaahirishe. Mlinzi ana geti na paa, mama ana furushi zito asiloweza kurudi nalo usiku. Anzia hapo.

La pili ndilo naliona zito zaidi: wahusika wako ni wageni kwa wenyeji tu. Yule mama alizungukwa na Wasomali wenzake, wakimsalimia asubuhi na jioni, lakini tangu awe mjane shughuli za wanawake alikuwa haitwi tena. Fundi naye aliacha kusali na Wakongo wenzake, wakamsema sana. Mtu akishakuwa mgeni hata kwa watu wake, kikombe kile cha chai kina gharama, kwa sababu mtaa mzima unakiona. Je, nani atamwona mlinzi wako akipokea furushi? Jirani gani ataongea, na kwa nani?

Kuwaoza mwishoni si lazima. Nitumie sura ya tatu ukishaiandika upya, nitaisoma mstari kwa mstari.