Tajiri ni nani katika chombo?

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Husemwa kwamba jamii imegawanyika matabaka, wenye mali wakiwanyonya wasio nayo. Hapa Lamu, baharia mwenye bahati humpita mwalimu kwa kipato wakati wa kaskazi, na huenda tajiri wake ana madeni dukani. Hayo matabaka ya Karl Marx, yule mwanafalsafa Mjerumani, yako wapi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Shaka yako ingekuwa na nguvu lau Marx angepima tabaka kwa kipato. Kipimo chake ni uhusiano wa mtu na nyenzo za uzalishaji, yaani vitu vya kufanyia kazi kama vile chombo na nyavu: nani anazimiliki, na nani hana budi kuuza nguvu zake ili apate riziki. Kiswahili chetu cha baharini kinalijua hilo, maana baharia humwita mwenye chombo "tajiri" hata akijua kwamba anadaiwa.

Tuseme samaki wameuzwa kwa shilingi 30,000. Zikitolewa 6,000 za mafuta na barafu, zinabaki 24,000. Kwa mgao wa nusu kwa nusu, chombo na nyavu huchukua 12,000, na wavuvi sita hupata 2,000 kila mmoja, ilhali tajiri ameshinda barazani. Utasema, na ni haki yako, kwamba chombo huoza na kukalafatiwa, nyavu hushonwa, na kikizama hasara ni yake. Marx hakulipuuza hilo; uchakavu huutoa kwanza. Anachouliza ni kwamba kinachosalia baada ya hapo kimetoka wapi, na chombo kilichofungwa gatini hakileti hata dagaa mmoja. Jibu lake ni kazi ya wale sita, na sehemu wasiyolipwa ndiyo anayoiita thamani ya ziada, hata tajiri awe mcha Mungu na mkarimu. (Kwa usahihi, mgao si mshahara, naye alichambua zaidi viwanda vya Uingereza.)

Mwalimu wako, basi, yuko upande mmoja na baharia, kwani wote huishi kwa kuuza nguvu zao. Mwenye mtumbwi wake na nyavu zake, anayevua peke yake, hayumo huku wala kule.

Penye udhaifu ni pengine. Sura ya matabaka katika juzuu la tatu la Das Kapital, kitabu kikuu cha Marx, lililotolewa na rafiki yake Engels mwaka 1894, miaka 11 baada ya Marx kufariki, inakatika ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Kwa hiyo meneja wa hoteli ya Shela, asiyemiliki hata kiti kimoja lakini mwenye uwezo wa kumfukuza mpishi, wafuasi wa Marx wamemweka huku na kule, nami sijasoma hoja yao iliyoniridhisha.