Je, vidonge vya kifafa vilikuwa na virusi?

Swali: Shikamoo mfamasia. Niko Kongwa. Mdogo wangu alianzishiwa kabamazepini kwa ajili ya kifafa. Wiki ya nne akashikwa na homa, uso ukavimba, vipele mwili mzima, macho yakawa ya njano. Majirani wakasema surua. Amelazwa Dodoma mjini, na daktari anasema dawa "imeamsha virusi". Vidonge vilikuwa na virusi? Na nyumbani ipo fenitoini ya mjomba, tumpe akiruhusiwa?

Jibu: Marahaba. Nianze na la mwisho, maana hilo ndilo la hatari: fenitoini ya mjomba msimpe kabisa. Fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni ni dawa za kifafa za ukoo mmoja. Mwili uliokataa moja mara nyingi hukataa na nyingine. Dawa mbadala waichague wanaomtibu, kwa sababu macho ya njano yanaonyesha ini nalo limeguswa.

Vidonge havikuwa na virusi. Anavyovisema daktari huenda ni virusi vya herpesi aina ya 6, ambavyo karibu kila mtu huvipata akiwa mtoto mdogo: homa siku tatu nne, vipele, yanaisha, mama anasahau. Ila havitoki, vinalala mwilini. Si umewahi kuona mtu aliyeugua tetekuwanga utotoni akatokewa na mkanda wa jeshi uzeeni? Virusi ni vingine, tabia ni ileile.

Mzio wa dawa wa namna hii hauji siku ya kwanza. Huchukua wiki 2 hadi 8, na nani atashuku kidonge alichokimeza mwezi mzima bila shida? Kinga ya mwili ikishavurugika, virusi hupata mwanya, na mara nyingi huonekana kwenye damu wiki 2 au 3 baada ya vipele kuanza. Kwa hiyo msishangae mdogo wako akianza kupata nafuu, anaomba hadi uji, halafu homa inarudi na vipimo vya ini vinapanda tena. Msimtoe hospitali kumpeleka kwingine kwa sababu hiyo.

Akiandikiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza mzio, hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au hata miezi. Wengi huziacha vipele vikikauka, na ugonjwa unarudi. Miezi inayofuata apimwe pia sukari na tezi ya shingoni.

Kwenye kadi yake yaandikwe majina yote matatu: kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni. Muulizeni daktari kama fomu ya njano ya TMDA (mamlaka ya dawa), ya kuripoti madhara ya dawa, imejazwa. Na wewe, kwa kuwa ni damu moja, siku ukiandikiwa yoyote kati ya hizo sema kwanza yaliyompata mdogo wako.