Ghala, kinu na karatasi: jinsi ya kujifunza programu kwa mashine ya Babbage

Hapa Jinja, Uganda, nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita misingi ya kuandika programu kwa kutumia mashine ambayo haikupata kukamilika. Ni Mashine Changanuzi (Analytical Engine), mtambo wa kukokotoa ambao Mwingereza Charles Babbage alianza kuibuni katika miaka ya 1830 na akawa anairudia na kuirekebisha hadi alipofariki mwaka 1871, akiacha michoro mingi na sehemu ndogo tu ya mtambo wenyewe. John Walker, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Autodesk, aliandika kwa lugha ya kompyuta ya Java programu inayoiga mashine hiyo na kuitoa bure katika tovuti yake ya Fourmilab. Kompyuta kuukuu inatosha kuiendesha, na ukishaipakua pamoja na maelezo yake huhitaji tena intaneti, jambo ambalo walimu wenzangu wanaonunua data kwa fedha zao watalithamini.

Ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wowote ni huu: usiguse kibodi kabla hujachora ghala kwenye karatasi. Babbage aliigawa mashine yake sehemu mbili, ghala na kinu. Ghalani namba hukaa kwenye nguzo za magurudumu yenye tarakimu, na hakuna hesabu inayofanyika humo. Kinuni hesabu hufanyika, lakini kinu si mahali pa kuhifadhi. Katika programu ya Walker ghala lina nguzo 1000, kuanzia 0 hadi 999, na kila nguzo hubeba namba ya tarakimu 50. Nguzo hizo hazina majina. Mwanafunzi aliyezoea kuandika "faida" au "jumla" na kuiachia kompyuta itafute mahali pa kuiweka analazimika sasa kujua mwenyewe, katika kila hatua, namba gani iko nguzo gani. Ada Lovelace, Mwingereza aliyeandika maelezo marefu kuhusu mashine hii, alifanya hivyohivyo mwaka 1843, alipochora jedwali lenye mstari kwa kila tendo na safu kwa kila nguzo, na mpaka leo sijaona njia bora ya kuanza.

Kwa mfano wa kwanza mimi hutumia akiba ya sacco, kwa sababu hakuna mwanafunzi wangu ambaye nyumbani kwao sacco haijulikani. Tuseme mwanachama ameweka shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na riba hiyo nayo inazaa riba. Programu ni mfululizo wa kadi, na kila kadi hubeba amri moja. Kadi tatu za namba zinatangulia, kila moja ikiweka namba katika nguzo yake ghalani: N0 1000000, N1 110 (yaani akiba yenyewe, asilimia 100, pamoja na riba ya 10), kisha N2 100. Kadi ya * inakiandaa kinu kuzidisha, L0 na L1 zinapeleka namba mbili kinuni, na S3 inarudisha jibu ghalani. Baadaye kadi ya / inakiandaa kinu kugawanya, L3 na L2 zinaingiza namba, na S0' inaweka jibu mahali pa akiba ya zamani. Kadi ya P ikichapisha, utaona 1100000. Ukizirudia kadi hizo kuanzia ile ya *, mwaka wa pili utapata 1210000 na wa tatu 1331000.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. Kwanza, alama ndogo baada ya S0 si pambo: baada ya kugawanya, S peke yake huleta baki, na S yenye alama hiyo ndiyo huleta jibu la mgawanyo. Pili, mashine haina nukta ya desimali. Ukigawanya 110 kwa 100 kabla ya kuzidisha, unapata 1 na baki 10, na akiba ya mwanachama haitaongezeka hata shilingi moja. Nukta ya desimali inakaa kichwani mwa mwandishi wa programu, na ndiyo maana naipenda mashine hii darasani: mwanafunzi anaona kwamba mpangilio wa matendo unaweza kumpa mtu fedha yake au kumnyima.

Kurudia kadi kwa mkono kunachosha, hivyo ipo kadi ya CB inayorudisha mfululizo wa kadi nyuma. Unapohesabu ni kadi ngapi za kurudi, ijumuishe na kadi hiyo yenyewe. Ikiandikwa na alama ya kuuliza, hurudi pale tu wenzo wa kinu unapokuwa umeinuliwa, kwa mfano jibu la kutoa linapobadili ishara na kuwa hasi. Ninapowaeleza wanafunzi kwamba Babbage alichukua wazo la kadi kutoka kwenye mtambo wa kufuma wa Jacquard, ambao uliongozwa na kadi zenye matundu, hawashangai sana, maana Jinja ni mji wa viwanda vya nguo na wengi wamekulia karibu navyo.

Jibu likikataa, usibadilishe kadi kwa kubahatisha. Washa ufuatiliaji, programu ikuoneshe kila tendo linapofanyika, kisha lilinganishe na jedwali lako mstari kwa mstari, hadi mahali ambapo viwili hivyo vinaachana.

Kwa aliyezoea, zoezi kubwa ni jedwali la Lovelace lenyewe, lile la kukokotoa namba za Bernoulli (mfululizo wa sehemu unaotumika katika hisabati), ambalo kwa n, namba ya kuanzia, ikiwa sawa na 4 linapaswa kufikia -1/30. Tendo la nne kama lilivyochapishwa linagawanya nguzo namba 5 kwa nguzo namba 4, ilhali safu ya matokeo katika mstari uleule inaonesha kinyume chake, yaani 7 kwa 9. Fuata safu ya matokeo. Ukigawanya 7 kwa 9 moja kwa moja, jibu ni 0, kwa hiyo tumia kadi ya <20 kusogeza 7 tarakimu 20 kushoto kabla ya kugawanya. Baadaye, kila unapozidisha namba mbili zilizosogezwa hivyo, rudisha zao lake tarakimu 20 kulia kwa kadi ya >20, na andika kando ya kila nguzo katika jedwali lako iwapo namba yake imesogezwa au la.